Dume la Nzi wa Kiganjo

Kazi ya Selpha Auma ilimshinda mama yake kuieleza kwa majirani kule Ugunja. Kila siku Selpha alizunguka mashamba ya makadamia kati ya Ruiru na Thika. Alitandika shuka jeupe chini ya mti, akatikisa matawi kwa fimbo yenye ndoano, kisha akahesabu wadudu walioanguka. Waliomwajiri walitaka idadi tu. Wadudu wenyewe alipaswa kuwamwaga kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kwenda shamba lingine.

Wengi walikuwa wale wa kijani, bapa, wenye mgongo kama ngao, ambao ukiwagusa wanatoa harufu ya dania iliyooza. Huchoma kokwa changa kwa mdomo ulio kama sindano, na kokwa ikakomaa ikiwa nyeusi ndani. Hakuna mkulima aliyewapenda. Lakini Selpha alikuwa na udhaifu wake: alipenda kuwaangalia. Kwa hiyo kila wiki wachache waliponea chupuchupu ndoo ya sabuni na kusafiri hadi Mwihoko, kwenye chumba chake cha ghorofa ya pili. Huko waliishi katika chupa za siagi ya karanga zilizofungwa kitambaa mdomoni, wakila mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, na njugu.

Mwezi wa nane mmoja wao alikufa. Selpha alipotaka kumtupa aliona kitu chini ya chupa: kiganda cha kahawia, laini, kidogo kuliko punje ya mchele. Alikijua. Ilikuwa pupa, nyumba ambamo buu hujifungia akageuka kuwa nzi. Lakini pupa hiyo ilitoka wapi, na chupa ilikuwa imefungwa?

Aliitenga. Siku ya kumi na sita, asubuhi akipiga mswaki, akaona kiganda kimepasuka na nzi mwenyewe amesimama kando yake akinyoosha mabawa. Tumbo lilikuwa la rangi ya paipai lililoiva, lenye madoa meusi mawili mawili. Uso uling'aa kama karatasi ya dhahabu ya chokoleti. Selpha, ambaye maishani mwake alikuwa ameua nzi wasiohesabika kwa ndara, alijikuta amekaa sakafuni, mswaki mdomoni, akimtazama nzi mmoja akisugua miguu yake ya mbele. Alichelewa kazini siku hiyo na hakujali.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemjia akilini. Miaka miwili nyuma alikuwa amehudhuria semina, na aliyefundisha habari za wadudu alikuwa Daktari Wakonyo, mama mmoja mfupi, mstaafu, aliyetumia miaka thelathini na minne akipanga nzi kwenye droo na kuwaandikia majina. Sasa aliishi Thika, Section 9, na meza yake ya chakula haikuwa na sahani. Ilikuwa na hadubini, pini, na masanduku ya nzi hadi ukingoni.

"Umemleta akiwa hai au amekufa?" Daktari Wakonyo aliuliza mlangoni, hata kabla ya salamu.

"Amekufa, daktari. Nilimweka kwenye friji ya jirani."

"Vizuri. Ingia. Shikamoo utaniambia baadaye."

Akamchoma nzi pini, akamweka chini ya hadubini, akafungua kitabu kikubwa kilichochakaa. Kitabu kile kilikuwa cha maswali. Kila swali lina majibu mawili, na kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine, mpaka ufike kwenye jina. Daktari aliangalia nzi, Selpha akasoma.

"Nywele ngumu chini ya bawa: zipo au hazipo?"

"Zipo."

"Nenda ishirini na tatu. Mshipa wa nne wa bawa: umepinda au umenyooka?"

"Umepinda. Endelea."

Waliendelea hivyo kama watu wanaoshuka ngazi gizani, hatua kwa hatua, hadi swali la arobaini na moja. Hapo Daktari Wakonyo akainua kichwa. "Rudia."

"Nywele ndefu za mgongoni: jozi mbili, au jozi nne?"

"Tatu," alisema daktari.

"Hakuna tatu hapa."

"Najua hakuna. Rudi mwanzo."

Walirudi mwanzo mara tatu, na mara zote tatu walikwama palepale. Daktari akavua miwani. Mabega yake yalianza kutikisika, na Selpha akadhani mama wa watu analia. Kumbe anacheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza.

"Kitabu kimekwama! Selpha, unaelewa? Hana jina! Huyu nzi anaruka hapa Thika tangu Mungu alipoumba nzi, na hakuna mtu amewahi kumpa jina!"

Akasimama, akamshika Selpha mikono yote miwili, na mama wa miaka sitini na minane mwenye magoti mabovu akaruka. Mara moja tu, lakini aliruka. Selpha naye akaruka. Masanduku yalitikisika mezani na wote wawili wakayakimbilia kwa hofu, wakicheka.

Kisha daktari akaketi na kuvuta pumzi. "Sasa habari mbaya. Huyu ni jike. Kwa ukoo huu majike hufanana sana, na jike peke yake hatoshi. Wataalamu watasema ni yuleyule wa zamani aliyeota nywele za ziada. Lazima tupate dume. Tofauti ya kweli iko kwa dume."

"Wapi kwa dume?"

"Kule."

"Kule wapi, daktari?"

"Selpha, wewe ni mtu mzima."

Selpha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini daktari alikuwa na jambo lingine. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilikuwa njiani. Jumanne moja mwishoni mwa mwezi wa tisa angefanyiwa upasuaji, na baada ya hapo asingeruhusiwa kuinamia hadubini kwa wiki nyingi. "Nzi aliyekufa anaweza kungoja kwenye sanduku miaka mia," alisema. "Mimi je? Kama mkono wa daktari utateleza? Nataka tumjue huyu kabla ya Jumanne hiyo."

Yule mdudu wa kijani alikuwa ametoka kwenye shamba la bibi mmoja anayeitwa Wanja, upande wa Kiganjo, nje kidogo ya Thika. Bibi huyo alikuwa na miti kumi na minane ya makadamia na ulimi mkali. Kesho yake Selpha alifika huko na mwavuli, akamkuta Wanja amesimama getini na kijana wa kupiga dawa, pampu mgongoni.

"Cucu, ngoja!" Selpha alipaza sauti kumwita bibi kwa Kikuyu kabla hajafika. "Ngoja kwanza, usipige dawa!"

Wanja alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye gambuti. "Mwari wakwa, binti yangu, hivi vidudu vimeniharibia nusu ya makandamia. Na wewe ndiye huja kuvihesabu. Leo unavililia?"

"Sivililii, cucu. Kuna nzi anayeviua."

"Nzi?"

"Nzi mdogo, mzuri. Anamtagia mdudu yai hapa mgongoni. Yai likianguliwa, buu linatoboa linaingia ndani, linamla mdudu akiwa hai. Linaanza na mafuta, linaacha moyo hadi mwisho ili asife haraka. Likishiba linatokea nyuma."

Wanja alisogea karibu. Kijana wa dawa naye akasogea. "Linatokea wapi?"

"Nyuma, cucu."

"Hapo nyuma kabisa?"

"Hapo hapo."

Wanja alipiga makofi, akainama, akacheka kicheko kirefu kilichowatoa kuku chini ya ghala. "Ngai! Kumbe hata Mungu ana hasira! Hebu rudia hapo pa nyuma nisikie vizuri." Selpha akarudia. Wanja akamgeukia kijana wa dawa. "Wewe, piga huko juu. Hii mitano ya karibu na ua usiiguse. Waache waendelee kuliwa."

Siku nzima wawili hao walitikisa ile miti mitano, Selpha akishika mwavuli uliogeuzwa juu chini, Wanja akipiga matawi kwa ufagio na kumtukana kila mdudu aliyeanguka. Walipata sitini na wawili. Kumi na mmoja kati yao walikuwa na kidoa cheupe mgongoni, kama chembe ya chumvi. Yalikuwa mayai ya nzi.

Wiki zilizofuata, ghorofa nzima ya pili kule Mwihoko ilinuka dania. Jirani wa mlango wa pili, Dalmas, fundi wa simu ambaye pia alipiga kibodi kanisani, alibisha hodi siku ya tano.

"Selpha, niaje. Si kwa ubaya, lakini unapika nini? Manze ni dania asubuhi, dania jioni, na hujawahi kunikaribisha."

Selpha alimkaribisha, akamwonyesha chupa. Alimweleza yote, mpaka pale pa nyuma. Dalmas alitoka akiwa na macho makubwa, na kabla jua halijatua wapangaji wa ploti nzima walijua kwamba Selpha ana nzi asiye na jina, na kwamba anatafutiwa jina.

Basi amani ikaisha. Gerishon, mlinzi wa ploti aliyefungua na kufunga mabomba ya maji, alisema jina lake linafaa kwa sababu ni la Biblia na tena ni gumu kusahau, na tangu siku hiyo maji ya Selpha hayakukatika. Mama wa chumba cha chini alitaka nzi aitwe kwa jina la mume wake aliyemtoroka, "kwa sababu huyo naye alinila kutoka ndani nikiwa hai." Mwingine alipendekeza nzi aitwe Mwihoko, ili wadi yao iandikwe mahali pazuri angalau mara moja. Dalmas hakuomba chochote. Alikuja tu kila jioni kuuliza pupa zinaendeleaje, akakaa zaidi ya ilivyohitajika kwa jibu fupi namna hiyo.

Hata Pasta Boaz wa kanisa la Selpha na Dalmas aliulizwa, baada ya ibada ya katikati ya wiki. Alijibu, "Jina langu liko kwenye kitabu cha uzima. Halina shida na kitabu cha nzi." Lakini waliokuwepo waliapa kwamba alifikiria kwanza.

Kati ya wale wadudu kumi na mmoja, sita walitoa pupa. Daktari Wakonyo alikuwa amemfundisha Selpha kutambua dume: macho yake hukaribiana juu ya kichwa, na ncha ya tumbo lake hujikunja kuelekea chini. Nzi wa kwanza alitoka siku ya Jumatatu. Jike. Wa pili, Jumatano. Jike. Wa tatu alikufa akiwa nusu nje. Wa nne alitoka Ijumaa, jike tena, na Selpha akampigia daktari simu.

"Daktari, hii ni shule ya wasichana."

"Umebaki na ngapi?"

"Mbili. Na moja imekauka, nadhani haina mtu."

Kwenye simu alisikia pumzi ndefu. "Basi bado tuna moja," alisema daktari. "Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa hospitali."

Jumapili ilifika na pupa ile ya mwisho ilikuwa imebadilika rangi, ikawa nyeusi upande mmoja. Selpha alijua maana yake: nzi alikuwa karibu kutoka. Kumwacha nyumbani hakuwezekana. Kukosa kanisa pia hakukuwezekana, kwa sababu alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili na siku hiyo walikuwa wawili tu. Akaiweka chupa ndani ya mkoba, akafunga kitambaa mdomoni kwa raba, akaenda.

Kanisa lao lilikuwa la mabati, na paa lilikuwa na mabati manane ya plastiki yanayopitisha mwanga. Pasta Boaz alihubiri juu ya Sara, na siku hiyo alikuwa na moto. Alitembea huku na huku, kitambaa cha jasho mkononi.

"Mama wa miaka tisini! Tisini, kanisa! Majirani wamecheka, wamechoka kucheka. Siku imefika. Uchungu umeanza. Ibrahimu yuko nje ya hema, anazunguka, hawezi kukaa. Mkunga anafungua pazia. Anatoka. Kanisa, mkunga alisema nini?"

Selpha hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinamia mkoba. Ndani ya chupa kiganda kilikuwa kitupu, na kwenye kitambaa amening'inia nzi mwenye tumbo la paipai, na macho yake makubwa mekundu yamekaribiana juu ya kichwa mpaka karibu kugusana.

"Ni dume!" alipiga kelele. "Ni dume!"

Kanisa zima liligeuka. Kisha likalipuka. Akina mama walipiga vigelegele, wazee wakashika mbavu, na Pasta Boaz akabaki ameinua mkono, mdomo wazi. Selpha alisimama ghafla kutaka kueleza. Mkoba ukamteleza mapajani, chupa ikagonga sakafu, raba ikafyatuka. Nzi akaruka. Alipita juu ya kwaya, akazunguka kibodi, akapanda.

"Msimuue!" Selpha alilia. "Tafadhali, jamani, msimuue!"

Maana mikono mingi ilikuwa imeshainuka. Mkono wa mtu ukimwona nzi haungoji amri. Mzee mmoja wa mbele alikuwa tayari amekunja gazeti. Dalmas aliacha kibodi, akakimbia kufunga mlango, na kutoka hapo akapiga kelele: "Huyo ndiye yule! Yule asiye na jina!"

Basi kila mtu alimjua. Gazeti likashuka. Wote wakaangalia juu. Nzi alikuwa ametua kwenye moja ya yale mabati ya plastiki, mita tano juu ya vichwa vyao, akitembea kwenye mwanga kana kwamba anakagua kazi ya fundi. Hakukuwa na ngazi ndani. Hata ingekuwepo, nani angemfikia bila kumtisha?

Selpha aliokota chupa yake tupu. Akajilazimisha kufikiria kama Daktari Wakonyo. Nzi aliyetoka kwenye pupa hutaka nini? Mwanga. Basi.

"Pasta," alisema, "naomba tulifanye kanisa liwe giza."

Pasta Boaz alimtazama. Akatazama paa. Akajipangusa uso. "Gerishon," alisema, "lile turubai la harusi liko wapi?"

Gerishon na Dalmas walipanda juu ya paa. Ilisikika miguu ikigonga mabati, kisha mabati ya plastiki yakaanza kuzimika moja baada ya jingine, mawili kwa turubai, mawili kwa mablanketi kutoka nyumba ya jirani, mengine kwa majoho ya kwaya. Wanawake walining'iniza leso kwenye madirisha. Likabaki dirisha moja dogo, kushoto kwa mimbari, na Selpha akasimama kando yake na glasi ya maji ya pasta, imemwagwa, imekaushwa kwa kitambaa chake mwenyewe.

Saa tano na nusu mchana, watu mia mbili waliketi gizani wakimngoja nzi.

"Tuombe?" pasta alinong'ona.

"Kimoyomoyo, pasta."

Kimya kilikuwa kikubwa hata tumbo la mtu lilipolia kila mtu alilisikia, na kicheko kikapita chini chini kama upepo kwenye mahindi, kikazuiwa, kikarudi. Kisha mama mmoja akashtuka: "Uwi! Amenipita sikioni!" Kutoka safu ya tatu: "Yuko hapa!" Kutoka ya kwanza: "Amepita!" Na Selpha akamwona, nukta nyeusi ikija kwenye mraba wa mwanga. Akatua kwenye kioo. Akasugua miguu.

Selpha alimfunika na glasi. Alikuwa hapumui. "Karatasi," alisema bila kugeuka. "Karatasi yoyote."

Pasta Boaz alimpa mahubiri yake. Selpha akasukuma ukurasa wa kwanza wa habari za Sara kati ya glasi na kioo, taratibu, taratibu, akageuka na kuinua mkono.

Kelele zilizotoka kanisani siku hiyo zilisikika hadi mtaa wa Kiuu, au ndivyo wanavyosema. Leso zilishuka, mwanga ukaingia, watu wakapanga mstari kumtazama nzi ndani ya glasi kama wanaomtazama mtoto wa siku nane. Pasta alitazama mara mbili. "Ni mzuri," alikubali. Kisha akaangalia karatasi zake zilizobaki. "Kanisa, Sara alijifungua salama. Tusimame kwa baraka."

Dalmas alimpeleka Thika kwa pikipiki yake, Selpha nyuma ameikumbatia chupa kifuani. Daktari Wakonyo aliwasubiri barabarani akiwa na aproni. Nzi aliwekwa kwenye friji kando ya kifurushi cha matumbo, na wao wakanywa chai bila kuongea sana, maana kila mmoja alikuwa akitazama saa.

Kisha daktari akaketi kwenye hadubini, akachukua sindano nyembamba. Aliinama. Akarekebisha taa. Akainama tena. Sindano ilienda pembeni ya nzi, ikarudi, ikaenda tena pembeni. Hatimaye akaiweka chini.

"Ukungu," alisema. "Naona jua linachomoza kwenye maziwa, basi." Akasimama, akavuta kiti. "Kaa hapa wewe."

"Mimi? Daktari, mimi hutikisa miti tu!"

"Mkono uliomshika nzi kwa glasi hautetemeki. Kaa."

Selpha alikaa. Alikata ncha ya tumbo kama alivyoelekezwa, akailainisha kwenye dawa ya moto, akaiweka kwenye tone la maji na kuitanua kwa sindano mbili. Ilichukua karibu saa nzima. Dalmas alishika tochi na kufunga mdomo, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu. Daktari aliketi kando, macho yamefumbwa.

"Niambie."

"Kuna kama koleo mbili zimepinda, zinakutana kwa ncha. Katikati kuna kitu kama ulimi. Ukingo wake una... una meno."

"Nini?"

"Meno. Madogo. Matatu."

"Hesabu tena."

"Matatu, daktari. Moja, mbili, tatu. La kati ni refu."

Daktari Wakonyo alifunika mdomo kwa mikono yote miwili na miguu yake ikaanza kupiga sakafu chini ya meza, haraka haraka, kama ya mtoto aliyeambiwa kesho ni safari. "Hakuna aliye na meno!" alisema kutoka nyuma ya mikono. "Katika ukoo mzima, hakuna hata mmoja aliye na meno! Chora, Selpha! Chora kabla sijafa kwa raha!"

Selpha alichora mpaka jioni. Walipomaliza, sauti ya daktari ikawa nzito kidogo.

"Sasa jina. Kuna desturi moja. Mwandishi hampi mdudu jina lake mwenyewe, ni aibu. Kwa hiyo chagua. Nikiandika makala ya kumtangaza peke yangu, naweza kumwita nzi kwa jina lako, na utabaki hapo milele. Ukiandika pamoja nami, jina lako litakuwa juu ya karatasi kama mwandishi, lakini nzi lazima apewe jina la mtu mwingine."

Dalmas alimtazama Selpha. Selpha alitazama mchoro wake. Alifikiria Ugunja, na mama yake, na jinsi ingekuwa rahisi hatimaye kueleza: nzi amepewa jina la mwanangu. Halafu akatikisa kichwa.

"Nataka kuandika," alisema. "Na jina nitoe mimi."

"Nilitumaini ungesema hivyo," alisema daktari. "Nani basi?"

Selpha hakuhitaji muda. "Yule aliyeacha miti mitano."

Jumanne mkono wa daktari wa macho haukuteleza. Daktari Wakonyo alivaa kibandiko jichoni, akamsomesha Selpha kwa simu kila jioni jinsi ya kuandika sentensi isiyo na mapambo: urefu wa bawa, rangi ya uso, idadi ya nywele. Waliituma karatasi kwa jarida la wataalamu wa nzi. Ikarudishwa na maswali kumi na saba. Wakayajibu yote. Ikarudishwa tena na mawili. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ikachapishwa, na majina yao wawili juu yake, na mchoro wa meno matatu ukurasa wa nne.

Selpha aliipiga chapa na kuipeleka Kiganjo. Wanja alikuwa amekaa na wanawake wanne wa kikundi chao, wakimenya makadamia. Selpha aliwaeleza, akaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa jina: la kwanza la ukoo, na la pili *wanjae*.

Wanja aliisogeza karatasi karibu na macho.

"Umeniita nzi," alisema.

"Hapana, cucu. Nzi ndiye ameitwa wewe."

"Wazungu nao watamwita hivyo?"

"Wazungu, Wachina, kila mtu. Hata miaka mia tano ijayo. Hawaruhusiwi kubadilisha."

"Hii e ya mwisho ni ya nini?"

"Ni Kilatini. Maana yake ni wa Wanja. Ni mali yako."

"Wanjae," mmoja wa wanawake alijaribu.

"Si hivyo," Wanja alimkatiza. "Wan-ja-e. Vuta mwisho." Alikuwa ameshasimama, makombo yakimwagika kutoka mapajani, akitafuta simu ndani ya sweta. Alipiga, akaishika mbali na sikio kama kawaida yake, akapaza sauti kana kwamba rafiki aliyempigia yuko ng'ambo ya mto bila simu. "Nyambura! Keti kwanza. Umeketi? Nimeandikwa kwa Kilatini! ... Hapana, sijashtakiwa! Ni nzi! ... Nzi! Anakula vidudu vya makandamia kutoka ndani, halafu unajua anatokea wapi? Subiri nikuambie anatokea wapi..."

Lakini hakuweza kumwambia. Kicheko kilimshika kabla ya neno, kikawashika wale wanne, kikamshika Selpha, na huko upande wa pili wa simu Nyambura akiuliza, "Wapi? Wanja, wapi?" na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu.